Dakika Mbili Kasoro: Nyambizi I-27 na Vijana Waliopandia Kilindini

Maneno haya niliyasema Mombasa, Jumamosi moja ya Februari, mbele ya wazee, wanafunzi na mabaharia wastaafu. Wengi ambao hawakufika waliomba wayapate yote kwa maandishi, basi haya hapa. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Hamjambo wazee wangu. Hamjambo mama zangu. Wanangu wa shule mlioketi kwenye mikeka, hamjambo. Na nyinyi mabaharia wenzangu mliojificha nyuma karibu na birika la chai, nimewaona.

Nianze kwa ombi. Wewe kijana mwenye fulana ya buluu, ndiyo, wewe, una simu? Fungua ile saa ya kuhesabu sekunde uiweke tayari. Usibonyeze sasa. Baadaye nitakwambia "anza", nawe utaanza. Zikifika sekunde mia moja, piga kelele useme "mia", hata kama niko katikati ya neno. Tumeelewana? Haya.

Miaka ishirini na tisa nimefanya kazi kwenye tagi hapa Kilindini. Tagi, kwa wanangu msioijua, ni kile chombo kifupi, kichafu, chenye nguvu za punda, kinachosukuma meli kubwa mpaka gatini. Nahodha aliyenifundisha kazi alikuwa na tabia moja. Meli ya abiria ikishapita Ras Serani ikashika bahari kuu, yeye huvua kofia, huipachika gotini, hunyamaza kidogo, kisha huivaa tena na kuanza kututukana kama kawaida yake. Siku moja nikajipa moyo nikamuuliza. Akaniambia, "Kaka yangu alipita hapo kwenda vitani Burma. Hakufika Burma." Nikamuuliza, meli gani? Hakujua. Mwaka gani? Hakuwa na hakika. Alichojua ni kwamba ilikuwa msimu wa kaskazi, na kwamba aliyemuua kaka yake alikuwa chini ya maji.

Nahodha wangu alifariki kabla sijapata jibu. Nilipostaafu ndipo nikaanza kutafuta. Jioni ya leo nimekuja kuwaambia nilichokipata kuhusu huyo aliyekuwa chini ya maji.

Jina lake lilikuwa I-27. Nyambizi ya Japani. Ilijengwa Sasebo ikaanza kazi Februari 1942. Urefu wake karibu mita 109. Wanangu, chukueni uwanja wa mpira, goli mpaka goli, halafu ongezeni kidogo. Mabaharia wapatao mia moja wanaishi humo, wanapika humo, wanalala humo, na harufu ya dizeli haiwatoki hata wakioga, na kuoga kwenyewe ni bahati.

Watu hudhani nyambizi za vita vile, Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ziliishi chini muda wote kama papa. La. Nyambizi ya wakati ule ilikuwa meli ya juu inayojua kujificha. Juu ilikwenda kwa injini za dizeli, mwendo wa noti ishirini na tatu na zaidi, yaani maili za baharini kwa saa. Chini ilikwenda kwa betri, noti nane tu, na betri zikichoka haina budi kupanda juu kuzichaji. Lakini kwa mafuta yake iliweza kwenda maili za baharini 14,000. Mnaielewa hesabu hiyo? Inaondoka Penang, kule Malaya, inakuja mpaka hapa tulipo, inarudi Penang, na mafuta bado yamo.

Na topido zake, yale mabomu yanayojiendesha chini ya maji! Mimi ni mtu wa injini, mniwie radhi, hapa lazima nisimame kidogo. Topido nyingi za mataifa mengine zilitumia hewa ya kawaida, kwa hiyo ziliacha mstari mweupe wa mapovu nyuma yake. Mlinzi akiuona, meli ilipata nafasi ya kukata kona. Wajapani waliziendesha zao kwa oksijeni tupu. Mapovu karibu hakuna. Mbele imebeba kilo 405 za baruti, mwendo wake unakaribia noti hamsini. Tagi yangu, siku ikiwa na furaha, ilikwenda noti kumi na mbili.

Sasa hebu twende Australia kidogo, maana I-27 haikuanzia kwetu.

Mwisho wa Mei 1942 ilifika nje ya bandari ya Sydney ikiwa na wenzake, na mgongoni imebeba nyambizi ndogo ya watu wawili, kama mama aliyembeba mtoto kwa mbeleko. Wawili hao walikuwa Luteni Chuman Kenshi na msaidizi wake Omori Takeshi. Usiku wa tarehe 31 wakaachiwa waende. Lango la bandari lilikuwa limetegwa wavu wa chuma, na wavu huo ulikuwa haujamalizika kusukwa. Chuman akaingia, akanasa.

Mlinzi mmoja wa zamu, raia, si mwanajeshi, akaona kitu cheusi kimejitokeza kwenye wavu. Akafanya nini? Akaingia kwenye kimashua chake akapiga makasia akaenda kukitazama! Alipoona ni chuma, akapiga makasia tena kwenda kuwaambia wanamaji wa boti ya doria. Hawakuharakisha. Mlio serikalini mnajua jinsi habari ya mtu mdogo inavyopanda ngazi. Saa nne na nusu usiku Chuman na Omori wakaona hawatatoka, wakailipua nyambizi yao wakiwa ndani. Nyambizi ndogo nyingine, ya mwenzao, ilipenya ikapiga topido iliyoua wanamaji 21 waliokuwa wamelala ndani ya chombo kiitwacho Kuttabul.

Nje huko, I-27 na wenzake wakasubiri watoto wao. Wakasubiri siku ya kwanza, wakasubiri ya pili. Hakurudi hata mmoja. Tarehe 4 Juni I-27 ikaizamisha Iron Crown, meli ya Australia iliyobeba mawe ya manganizi. Nyinyi mliopakia mizigo mnaujua mzigo huo: mdogo kwa macho, mzito kama dhambi. Meli ilikwenda chini kwa muda wa dakika moja hivi. Mabaharia 43, wakapona 5. Mabaki yake yalionekana mwaka 2019.

Lakini jambo ninalotaka mlishike ni hili. Waaustralia walizitoa majini nyambizi ndogo mbili, zikiwa na miili minne, ya Chuman na Omori ikiwemo. Wakawafanyia mazishi ya kijeshi, majeneza yamefunikwa bendera ya Japani, risasi za heshima zikapigwa. Katikati ya vita! Watu wa Sydney wengine walikasirika sana, na siwalaumu. Kisha miili ikachomwa, na majivu ya wale wanne akakabidhiwa balozi wa Japani aliyekuwa akirudishwa kwao katika mabadilishano ya wanabalozi na raia. Na mabadilishano hayo yalifanyikia wapi? Lourenço Marques, mji ambao leo tunauita Maputo. Majivu ya kijana aliyetoka ndani ya I-27 yalipita kwenye pwani hii ya Afrika, kwa heshima zote, yakiwa na jina, Oktoba 1942 yakafika kwao. Liwekeni hilo kando. Tutalirudia.

Haya, bahari yetu sasa.

Aprili 1942 manowari za Japani zilikuja zikapiga Colombo na Trincomalee, huko Ceylon, yaani Sri Lanka. Waingereza wakaona Ceylon hapakaliki, wakaihamishia kambi kuu ya manowari zao wapi? Hapa! Kilindini. Jina lenyewe linajieleza, penye kilindi, meli kubwa haigusi mchanga. Hata wavunjaji wa siri za maandishi ya Wajapani walihamishiwa Mombasa wakawekwa kwenye shule ya Allidina Visram. Naona wengine mnacheka. Ndiyo, madarasa yaleyale. Wakati sisi tunadhani vita viko Ulaya na Burma, watu walikuwa wamekaa hapa na penseli wakisoma barua za meli za Tokyo.

Mwaka 1943 I-27 ilipata kamanda mpya, Fukumura Toshiaki, ikiwa na kituo chake Penang. Kazi yake ilikuwa kukata njia: mafuta ya Ghuba, silaha zilizokuwa zikipitia Uajemi kwenda Urusi, mizigo ya Aden na Bombay. Akaifanya kazi hiyo kwa ukatili na kwa ustadi, na vyote viwili lazima tuvitaje. Alizamisha zaidi ya meli kumi. Sitawasomea orodha, itatukesha. Nawapa tatu tu.

Machi 20, Fort Mumford, katika bahari ya Arabuni. Akapona mtu mmoja katika meli nzima, akaokotwa na jahazi. Jahazi, ndugu zangu, la tanga! Vita vile vyote vya injini na oksijeni na umeme, na aliyemwokoa yule mtu ni nahodha wa tanga aliyekuwa akifuata upepo wake.

Juni 28, Maskati. Najua hapa kuna wenye shangazi na wajomba Maskati, na wengine mmekulia huko. Mnaijua bandari ile ya zamani, ngome ya Jalali huku, Mirani kule, katikati maji kama bakuli. Meli ya Norwe iitwayo Dah Pu ilikuwa imetia nanga mle ndani. I-27 ikatuma topido mpaka ndani ya bakuli ikaizamisha. Ukitia nanga chini ya ngome, na bado unafuatwa, utakimbilia wapi?

Septemba 19, Fort Longueuil, karibu na visiwa vya Chagos. Wawili wakapona, mabaharia wa Kihindi, juu ya chombo cha kuokolea. Wakaelea. Wiki, mwezi, miezi miwili, mitatu. Siku 134. Mikondo ikawavusha bahari nzima mpaka Sumatra, na walipotia mguu ufukoni wakakamatwa na Wajapani wakafanywa mateka. Mimi nikikaa siku tatu bila kuona nchi kavu huanza kusema peke yangu. Siku 134! Walifika Sumatra siku kama kumi na mbili tu kabla ya jambo lililotuleta hapa leo.

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara uitwao KR-8 uliondoka Kilindini kwenda Colombo. Meli tano za abiria: City of Paris, Varsova, Ekma, Ellenga na Khedive Ismail. Zinalindwa na manowari moja kubwa ya zamani, Hawkins, na distroya mbili, yaani manowari nyepesi za mbio, Petard na Paladin. Meli tano zilizojaa watu, na distroya ni mbili tu. Wataalamu wamebishana sana juu ya hilo. Mimi nasema tu kwamba nisingependa kuwa abiria.

Khedive Ismail ilikuwa meli ya tani 7,513. Ilijengwa Uskoti mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikauzwa, ikauzwa tena, ikapewa jina la mtawala wa Misri. Siku ile ilibeba watu 1,511. Walikuwamo wanamaji wa Kiingereza, wauguzi wanawake waliokuwa wakienda hospitali za vita, mabaharia wake. Na walikuwamo 996 wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, maafisa Wazungu wachache, waliobaki vijana wetu. Walikuwa wakienda Ceylon kuungana na wenzao wa Divisheni ya 11 waliokuwa wakijifunza vita vya msituni. Vijana wa makabila chungu nzima, wanaelewana kwa Kiswahili kile cha jeshi, Kikeya, ambacho waalimu wetu wa sarufi wangekisikia wangezimia.

Jumamosi, tarehe 12 Februari, msafara uko kwenye visiwa vya Maldivi, haujafika digrii moja kaskazini ya Ikweta.

Mwanangu. Anza.

Ni saa nane na nusu mchana. Chakula cha mchana kimeshaliwa. Ukumbini kuna burudani ya muziki, wauguzi na maafisa wameketi wanasikiliza. Vijana wetu, wengine wako juu ya sitaha, wengine sitaha za chini, wengine wamejinyoosha kama sisi sote baada ya wali. Fukumura ameshaingia katikati ya msafara. Topido nne zinatoka. Mbili zinaipata Khedive Ismail ubavuni, kati ya mlio wa kwanza na wa pili ni sekunde chache. Meli inalala upande. Ngazi uliyopanda asubuhi sasa imelala kama boriti, mlango uliokuwa mbele yako uko juu ya kichwa chako, taa zimezimika. Uko sitaha ya chini. Umelala kwa fulana. Boya lako lilikuwa hapa, kwenye msumari, na sasa hapa hapapo tena. Unasikia wenzako wanaitana, huyu kwa Kiswahili, huyu kwa lugha ya mama yake. Unapapasa. Umeshika mguu wa mtu, yeye ameshika wa mwenzake, mstari wote unakwenda kwenye tundu moja ambalo mwanga unaingia. Wa kwanza amepita. Wa pili amepita. Wa tatu ni mnene, amekwama, wanamsukuma. Amepita. Wa nne, wa tano. Wewe ni wa kumi na moja, unahesabu, unasema nikifika pale nitaruka bila kutazama, nitaruka tu, na maji sasa yame...

(Kijana: "Mia!")

Asante, mwanangu. Zima simu.

Ni hapo tu. Dakika mbili hazikutimia. Waliohesabu wanasema dakika moja na sekunde arobaini. Mtu wa kumi na moja nimembuni mimi, lakini tundu na giza na mstari wa watu havihitaji kubuniwa, kila baharia hapa anavijua. Waliokufa 1,297. Wanawake miongoni mwao 77, na hakuna siku nyingine iliyoua wanawake wengi hivyo katika majeshi ya Uingereza na nchi zake. Waliopona, wanaume 208 na wanawake 6.

Sasa inakuja sehemu ambayo wasimulizi wengi huipita mbio. Mimi sitaipita.

Hawkins ikazichukua zile meli nne ikazikimbiza. Zikabaki Petard na Paladin na watu waliomo majini, wameshika mbao, wameshika maboya, wameshikana. Paladin ikashusha mashua kuanza kuokota. Na I-27 iko wapi? Iko chini yao. Fukumura alikuwa amejificha chini ya waathirika wake.

Manowari za wakati ule ziliitafuta nyambizi kwa mwangwi: unatuma mlio majini, unarudi, unajua kuna kitu. Ukishajua, unatupa mapipa ya baruti yaliyotegwa yalipuke yakifika kina fulani. Mapipa hayo hayachagui. Mlipuko ndani ya maji unampasua mapafu na matumbo mtu anayeelea, hata kama uko mbali naye kidogo. Kamanda wa Petard aliitwa Rupert Egan. Alikuwa na meli nne zimejaa watu zinakimbia, na chini yake nyambizi ambayo bado ina topido. Mbele ya macho yake watu wanampungia mkono, wanadhani anakuja kuwaokota.

Akatupa mapipa.

Alifanya sawa? Nawauliza nyinyi. Nimelitembeza swali hili kwenye vijiwe vyote vya kahawa mjini, na kila mara watu hugawanyika, na mara moja karibu wapigane. Jibu langu ni hili. Ningekuwa juu ya daraja la Petard, ningetoa amri ileile. Ningekuwa majini nimeshika ubao, ningemlaani mpaka pumzi ya mwisho. Yote mawili nayasema na sioni haya. Katika kazi yangu nimewahi kumvuta mtu majini mara mbili, mmoja hai na mmoja hapana, na mkono wa anayezama, akikushika, unakushika kwa nguvu ambayo hutaisahau. Anayenambia neno "lazima" kwa wepesi, mimi humtazama mikono.

Mara ya tatu ya mapipa, I-27 ikaibuka. Imejeruhiwa, haiwezi tena kukaa chini. Distroya zote mbili zikaifyatulia mizinga. Mabaharia wa Kijapani wakatoka kukimbilia mzinga wao, wakaangushwa. Paladin ikachukua mbio ili iigonge kwa omo. Petard ikatoa ishara: usigonge! Paladin ikajaribu kukata kona dakika ya mwisho, na pezi la nyambizi, lile bawa la chuma la ubavuni, likaipasua Paladin kama kisu kinavyopasua tumbo la samaki. Maji yakaingia. Paladin ikawa nje ya mchezo.

Ikabaki Petard peke yake na I-27 inayozunguka juu ya maji kama kuku aliyechinjwa. Risasi za mizinga zinagonga chuma chake, hazipenyi. Egan akaamua kutumia topido zake. Ya kwanza, ikakosa. Ya pili, ikakosa. Ya tatu, ikakosa. Ya nne. Ya tano. Ya sita, ikakosa! Shabaha ya mita mia moja na tisa iko pale mbele ya macho! Ya saba ikapata. Maji yakapanda, yaliposhuka I-27 haipo. Tangu topido za kwanza za Fukumura mpaka hiyo ya saba zilikuwa zimepita zaidi ya saa mbili. Watu 99 walikwenda nayo chini, Fukumura mwenyewe akiwamo. Nao walikuwa na mama zao, sitaki mtu hapa ashangilie.

Petard hiyohiyo, mkumbuke, ilikuwa imeshashiriki kuizamisha nyambizi ya Kijerumani U-559 karibu na Misri mwaka 1942, na wanamaji wake wakaingia ndani yake kuchukua vitabu vya siri. Wawili wakazama nayo, na vitabu vikawasaidia Waingereza kusoma barua za nyambizi za Hitler. Mwaka huohuo ikashiriki kuiteka moja ya Kiitaliano. Kwa I-27 ikawa imetimiza mataifa yote matatu. Ukitafuta habari za Petard utapata chungu nzima.

Na hapo ndipo nilipotaka kufika.

Mmesikia jinsi nilivyozungumza jioni hii? Nimewapa urefu wa I-27. Nimewapa mafuta yake. Nimewapa uzito wa baruti kwenye topido zake. Nimewatajia kamanda wake. Nimewatajia wale wawili wa nyambizi ndogo, na majivu yao yalikopitia. Katika Khedive Ismail alikuwamo mwandishi wa habari wa Kiingereza, Kenneth Gandar-Dower, ambaye mwaka 1937 alichukua duma kutoka Kenya akawapeleka London kuwashindanisha mbio kwenye uwanja wa mbwa. Hata duma zake tunazijua! Na vijana wetu? Nimewaambia nini juu yao? Nimewaambia 996 pamoja na maafisa wao. Na mtu mmoja wa kumi na moja, ambaye nimembuni.

Majina yapo, tusiseme hayapo. Yapo Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki, wa wale ambao hawana kaburi. Nilipostaafu nilipanda basi la usiku nikaenda. Asubuhi bado kuna umande, mtunza bustani anakata majani. Nikasimama mbele ya majina yale nikaanza kusoma kwa kidole, mstari kwa mstari, polepole kama mtoto wa chuoni, namtafuta kaka yake nahodha wangu.

Nilikuwa nimefika safu ya tatu hivi ndipo nikatanabahi. Jina lake nani? Nahodha alisema "kaka yangu". Siku zote, miaka yote ile, "kaka yangu". Mimi niliuliza jina la meli. Nikauliza mwaka. Jina la mtu sikuuliza! Nimesafiri usiku kucha kumtafuta mtu nisiyemjua jina. Na jina la nahodha tulilomwita kazini lilikuwa la utani, kwa hiyo hata la baba yao sikuwa nalo. Mtunza bustani akaja akaniuliza kwa upole, "Mzee, unamtafuta nani nikusaidie?" Nikamwambia natazama tu.

Sasa, matangazo kabla ya chai. Pale mlangoni kuna meza, juu ya meza kuna daftari. Mwenye babu, mjomba, jirani, mtu yeyote aliyekwenda jeshini wakati wa vita vile asirudi, aandike. Jina lake, jina la baba yake, kijiji. Mwenye kipande cha barua au nishani iliyofungwa kwenye leso sandukuni, asiniletee mimi, nitaipoteza; aipige picha tu. Mzee asiyeona vizuri amwite mjukuu amwandikie. Mwezi ujao tunakwenda Barabara ya Ngong na daftari hilo, nauli tutachanga. Kalamu nimeifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza, maana mbili za kwanza zimeshachukuliwa tangu mlipoingia, na waliochukua wako humu ndani.